Sheria Isiyo na Mdomo

Watu wengi huamini kwamba Mtanzania anayehamia Ulaya huteswa na baridi, lugha na chakula kisicho na pilipili. Hayo ni mateso ya mwezi wa kwanza. Koti hununuliwa, lugha huokotwa kidogo kidogo, na pilipili siku hizi zimefika hata kwa Wajerumani. Kinachomfanya mtu mzima, mwenye shahada na wajukuu, awe kichekesho mbele ya mashine ya tiketi ni kitu kingine: alikotoka sheria zina mdomo, na alikokwenda sheria zimebandikwa ukutani. Anayetaka kulithibitisha hilo asianzie Berlin. Aanzie Busisi.

Kabla ya tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri wa basi kwenda Sengerema au Geita alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Mgeni hakuhitaji kusoma chochote. Konda alikwisha kumwambia ashuke avuke kwa miguu kama abiria wenzake. Muuza mayai ya kuchemsha alimwambia kivuko bado kiko ng'ambo, kwa hiyo ana muda wa kula mayai mawili. Mama wa sato wa kukaanga alimwonya asikimbilie mbele magari yanaposhuka. Kisha mzee asiyemjua hata kwa sura alimuuliza anakwenda kwa nani, na alipojibiwa, akamwambia hiyo njia aliyopanga kupita siyo. Ujinga wa mgeni haukudumu robo saa, maana kila mtu gatini alijiona ana hisa ndani yake. Unaweza kuuita huo umbeya, na pengine ni umbeya kweli, lakini ni umbeya uliofanya kazi ya ofisi nzima: ulitangaza kanuni, ukazifundisha, ukamrudi anayezivunja, na haukuomba bajeti.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo umshushe Berlin. Kituo cha treni hakina geti, na behewa halina konda. Anaingia, anakaa, vituo saba vinapita, hakuna anayemuuliza kitu. Kwa akili ya ziwani, nauli hudaiwa. Isiyodaiwa imesamehewa, na ni utovu wa adabu kuwasumbua waliosamehe. Hata yule mwaminifu zaidi, aliyenunua tiketi yake ya karatasi, huikunja vizuri akaitia mfukoni bila kuigonga muhuri kwenye kimashine kilichosimama kimya jukwaani, na tiketi isiyogongwa ni karatasi tu. Siku ya siku, kijana mwenye jinzi na begi mgongoni, aliyekuwa amekaa hapo kama abiria yeyote, anainuka na kutoa kitambulisho. Faini ni euro 60. Kinachomuuma mtu wetu si euro peke yake. Kinachomuuma ni kwamba kijana yule alikuwepo, aliona, na hakusema. Busisi, anayekutazama ukielekea kwenye kosa akanyamaza mpaka ulitende, huyo ndiye wa kulaumiwa kwanza.

Matembezi na mialiko ndiyo shule ngumu zaidi, kwa sababu huko hata ubao haupo. Sheria imo vichwani mwa watu, na kila mmoja anadhani mwenzake anayo. Mwaliko wa kunywa kahawa hutolewa wiki tatu mbele, na ukisema saa tisa alasiri, ni saa tisa. Anayefika saa kumi na moja akiwa na binamu wawili ambao hawakualikwa atapokewa kwa tabasamu lililokazwa. Mhudumu wa mgahawa huuliza kama bili ni moja au kila mtu na yake. Kwetu aliyealika ndiye anayelipa, kwa hiyo Mtanzania aliyealikwa huagiza kwa moyo mkunjufu, na Mtanzania aliyealika watu wanane hujikuta amelipia wanane, nao wakamshukuru kwa mshangao wa watu walioona muujiza. Sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzako kazini ni hatari pande zote: yeye ndiye anayeleta keki, na ukimpongeza jana yake ukidhani unawahi, umemletea nuksi. Jumapili maduka mengi yamefungwa, siku iliyolindwa mpaka kwenye Katiba yao, na mgeni aliyefika Jumamosi usiku hugundua hilo akiwa na sufuria ya maji yaliyochemka na hana unga. Saa nne usiku ni wakati wa utulivu. Kikao cha harusi cha kwa simu, ambacho Sengerema kisingemwamsha hata kuku, huko huzaa malalamiko. Na malalamiko yenyewe hayabishi hodi. Yanakuja asubuhi yakiwa barua, imebandikwa ukutani kwenye ngazi, haina jina la mwandishi wala la mwandikiwa, na jengo zima linajua ni ya nani.

Hata ziwani, ambako mtu wa Busisi angetarajia kuwa mwalimu, mambo humgeukia. Berlin ina maziwa mengi, na kiangazi watu humiminika huko kuogelea. Katika baadhi ya fukwe hizo, ikiwemo sehemu maalumu ya ufuko maarufu wa Wannsee, watu huoga na kuota jua bila nguo: wazee, vijana, mke na mume, pengine na bosi wako. Wepesi wa kuhitimisha husema hapo ndipo ustaarabu ulipopotea. Lakini kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria pia watu huoga uchi jioni. Tofauti ni kwamba wanaume wana kona yao na wanawake wana yao, na anayekaribia pasipomhusu hupigiwa kelele akiwa mbali. Berlin mpaka huo umeandikwa kwenye kibao. Aliyepitwa na kibao hakuna wa kumpigia kelele, na anayejitokeza pale na kaptura ndefu na fulana ndiye anayetazamwa kama mwenye tatizo.

Atakayepinga atasema yote haya ni shida ya lugha: ajifunze Kijerumani, asome vibao. Basi mpeleke London, na Kiingereza chake kizuri cha sekondari. Mabasi ya mji ule yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014. Atapanda akiwa na noti safi za pauni, ataeleza kwa sarufi isiyo na doa kwamba anataka kulipa, na dereva atamwelewa kila neno na kumshusha. Berlin nako, katika mtaa wa Wedding, atakuta barabara zilizoandikwa Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße, na tangu mwaka 2024 ipo hata Maji-Maji-Allee. Vibao hivyo anavisoma kama anavyosoma jina lake, lakini hakuna hata kimoja kitakachomnong'oneza kwamba tiketi haijagongwa muhuri.

Mwingine atasema ni hali ya hewa: baridi huwafungia watu ndani na kuwafunga vinywa. Hoja hiyo ina ukoo mzuri. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyefika Hamburg mwaka 1867 na kujulikana huko kama Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 aliieleza tofauti ya maisha ya kaskazini na ya kusini kwa kutazama mahitaji ambayo majira ya baridi humlazimisha mtu kuyatafuta. Alikuwa na haki, na alikuwa na makoti ya kuthibitisha. Lakini baridi haielezi kwa nini watu hao hao hunyamaza hata Julai, jua likichelewa kutua hadi karibu saa nne za usiku.

Ushahidi bora kwamba si baridi wala damu ni treni zao zenyewe. Dunia nzima huamini treni ya Kijerumani haichelewi. Ukweli ni kwamba mwaka 2024 treni za masafa marefu za shirika la reli la Ujerumani zilifika kwa wakati kwa takribani asilimia 62 tu, na hapo iliyochelewa chini ya dakika sita huhesabiwa kuwa imewahi. Nenda jukwaani treni inapochelewa kwa saa nzima na ubao wa matangazo ukatoa habari zinazopingana. Mama anamgeukia kijana asiyemjua na kumuuliza. Kijana anatoa simu na kuwaeleza watu sita. Mzee anaanza kulaumu serikali, anatokea mwenye biskuti, anagawa. Ratiba imekufa na mdomo umefufuka. Inakosekana sato wa kukaanga tu. Kumbe uwezo wa kuwa Busisi wanao, ila vibao vinapofanya kazi hawana sababu ya kuutumia.

Haki lazima itendeke kwa kibao pia. Mdomo una upendeleo: humwelekeza vizuri zaidi mwenye ndugu gatini, na mara nyingine hukuonyesha foleni fupi kwa buku mbili. Kibao hakiombi chai, hakikuulizi kabila wala chama, na faini ya euro 60 humkuta profesa kama inavyomkuta mwosha vyombo. Aliyewahi kuchoshwa na midomo ya watu ataona Berlin ni mapumziko. Tena mzigo huu wa kusoma vibao unakuja nyumbani. Darajani hakuna muuza mayai wa kukuarifu; safari iliyomeza saa nzima na zaidi ni ya dakika chache, na sheria iliyopo imeandikwa kwenye vibao vya mwendo. Dereva atakayevipuuza ataijua faini kabla ya kumjua mtu yeyote wa Busisi.

Ndiyo maana kumshauri anayesafiri awe mwangalifu ni kumpa maneno matupu; huwezi kuangalia usichojua kipo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nao walisema hivyo mahali palipokuwa na wa kuulizwa. Watanzania waliotangulia Ulaya walilielewa hili bila semina: wana makundi yao ya simu, na ndani yake hakosi mama mmoja anayemweleza kila mgeni, kabla hajauliza, habari za muhuri, Jumapili, keki na kona ya ufuko ya kuepuka. Wengine humwita mmbeya. Anayeondoka Mwanza kesho, familia iache kumkagua koti. Imkague kama namba ya mama huyo anayo.