Barua ya Wazi kwa Mtunza Faili za Trafiki

Mkazi wa Kisaju,
Kando ya Barabara ya Namanga,
Kaunti ya Kajiado.

Kwa Mtunza Rekodi za Makosa ya Trafiki,
Ofisi Itakayokubali Kwamba Ndiyo Yenyewe,
Kitengela, Isinya, Kajiado au Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA REKODI ZA FAINI NA MASHTAKA YA TRAFIKI, KITENGELA HADI ISINYA

Pokea salamu kutoka Kisaju, ambako upepo hauombi kibali na vumbi halihitaji muhuri. Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Zaidi ya hapo, natumai itakukuta.

Niwie radhi kwa anwani niliyoiweka hapo juu. Si utovu wa adabu, ni Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti usafiri wa kaunti, pamoja na trafiki na maegesho. Lakini afande mwenye kofia nyeupe ni wa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ambayo si ya kaunti. Leseni anayoikagua ni ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Lami anayoisimamia ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Kesi ikifika Kajiado mjini, inakuwa mali ya Idara ya Mahakama. Kwa hiyo dereva akikamatwa Kisaju bila mkanda, kosa lake lina wazazi watano, na mtoto wa wazazi watano ndiye anayelala njaa.

Waliotunga Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 waliliona hilo mapema. Ofisi ikipokea ombi la taarifa iliyo mikononi mwa ofisi nyingine, imepewa siku 5 za kulipeleka huko. Nakuomba upasome hapo taratibu, Mheshimiwa: ni ofisi inayolipeleka ombi. Haikuandikwa popote kwamba mwananchi atapanda matatu kutoka dirisha moja hadi jingine akiambiwa ajaribu ghorofa ya pili.

Ninachoomba ni hiki, kwa kipindi cha kuanzia Januari 2019 hadi leo:

1. Idadi ya makosa ya trafiki yaliyoandikwa kila mwezi kwenye Barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya.
2. Aina ya kosa, saa lilipoandikwa, mahali, na aina ya chombo: matatu, Probox, lori, bodaboda au gari la kibinafsi.
3. Kilichofuata: onyo, dhamana ya pesa taslimu kituoni, faini mahakamani, au kesi kuondolewa.
4. Jumla ya pesa zilizolipwa kwa risiti.
5. Idadi ya magari yaliyosimamishwa, madereva wakazungumzishwa, kisha yakaachiliwa bila kuandikiwa kitu.

Ombi la tano najua linachekesha. Cheka kidogo, halafu tuendelee.

Sitaki majina. Sitaki nambari za magari, nambari za simu wala picha ya mtu yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 naiheshimu, na nakuomba usiivalishe kazi isiyo yake. Ilitungwa kumlinda mwananchi asianikwe. Haikutungwa kuilinda jumla isijumlishwe.

Pengine utauliza, kama ilivyo desturi: unataka ya nini? Umetumwa na nani? Wewe ni wa gazeti gani? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kinasema haki ya mwananchi kupata taarifa haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na zile ambazo ofisi inadhani anazo. Nina haki ya kukuandikia kwa sababu nimeshindwa kulala. Hata hivyo nitakwambia, maana mimi ni mtu wa majirani wema, na utafiti wangu hauna siri.

Mwaka 2024, kwa hesabu ya NTSA, watu 4,748 walikufa kwenye barabara za Kenya. Hiyo ni nchi yenye bidii ya kuhesabu maiti. Kila mwaka tunatangaziwa wangapi walikuwa watembea kwa miguu, wangapi bodaboda, wangapi abiria. Sisi wa Kisaju tunataka safu ya pili tu, iwekwe kando ya hiyo ya kwanza. Safu moja ionyeshe watu wanagongwa wapi na saa ngapi. Ya pili ionyeshe madereva wanasimamishwa wapi na saa ngapi. Mtoto wa darasa la sita ataangalia safu hizo mbili na kutuambia kama kizuizi huwekwa palipo na hatari au palipo na kivuli.

Hapa kwetu swali hilo si la darasani. Ukisimama kwenye stegi ya Kisaju jioni utaona lori la saruji kutoka Athi River likishindana na shuttle ya Namanga, Probox iliyobeba watu kuliko viti vyake, boda ya abiria watatu na gunia, na katikati ya yote hayo ng'ombe wa Kimaasai wakivuka kwa mwendo wao wa tangu kabla ya lami. Mchungaji anainua fimbo, lori linapiga honi, na kila mmoja anategemea breki za mwenzake. Kama kuna mahali panapostahili kuandikwa faini, ni hapo. Nataka kujua kama zinaandikwa.

Maana bei zenyewe zipo, tena zimechapishwa. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliorodhesha kila kitu kama menyu ya hoteli: asiyefunga mkanda, Sh500; boda iliyopakia zaidi ya abiria mmoja, Sh1,000; aliyepitisha kasi kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa, Sh10,000. Kinachokosekana ni kujua wateja wangapi waliuziwa kwa bei ya menyu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ombi la tano. Sitataja siku wala mahali, ila kila abiria wa nchi hii ameshawahi kuyaona mambo haya. Matatu inapungwa mkono. Dereva hashuki, anayeshuka ni makanga, na anashuka kwa haraka ya mtu anayekwenda kulipa karo. Leseni inatoka ikiwa imekunjwa kidogo, jinsi leseni ya plastiki isivyoweza kukunjwa. Mikono miwili inakutana chini ya usawa wa dirisha. Afande anaangalia stika za kioo cha mbele kwa makini ya mchungaji anayehesabu mbuzi, anagonga bodi mara mbili, na gari linaondoka. Kitabu hakijafunguliwa na kalamu haijaguswa. Ukihesabu muda, ni mfupi kuliko wa kuandika tarehe.

Mimi sisemi kilichopita mikononi ni nini. Inawezekana ni salamu. Wakenya ni watu wa salamu, na barabara ya Namanga inaelekea Tanzania, ambako salamu huchukuliwa kwa uzito zaidi. Ninachosema ni kwamba gari limesimamishwa na mtumishi wa umma, kwa mamlaka ya umma, kwenye barabara ya umma, na hakuna karatasi. Kama dereva hakuwa na kosa, kusimamishwa kwake ni takwimu. Kama alikuwa nalo, kuachiliwa kwake ni takwimu kubwa zaidi.

Usinielewe vibaya: sidai kwamba rekodi hizi hazipo kabisa. Zipo, tena nzuri, tatizo ni zinakokaa. Mwaka 2016, Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ilipokuwa ikiwahoji maafisa wa trafiki, miongoni mwa vielelezo vilivyowatoa jasho ni taarifa zao za M-Pesa. Pesa ndogo ndogo, siku baada ya siku, nyingine zikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wake. Hiyo ndiyo rekodi makini zaidi ya kazi ya trafiki ambayo umma umewahi kuonyeshwa, na iliandikwa na kampuni ya simu.

Rekodi nyingine iko kwenye daftari la makanga. Kila jioni lazima amhesabie mwenye gari: mafuta kiasi fulani, kuosha gari kiasi fulani, stegi kiasi fulani, trafiki kiasi fulani. Mwenye gari haulizi "trafiki" ni nini, kama asivyouliza mafuta ni nini. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kijana ambaye hakuajiriwa kutunza kumbukumbu za taifa anazitunza kwa kalamu ya Sh20 katika daftari la mraba, na kila siku mizani inafungwa. Mimi naomba tu ofisi yenye makabati imfikie.

Wenzetu wa mbali wameshafanya jambo hili na jua likachomoza kama kawaida. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandikia idara za polisi za majimbo na miji barua za aina hii hii, wakaomba rekodi za magari yaliyosimamishwa. Mwaka 2020 walichapisha uchambuzi wa karibu visa milioni 100. Walilinganisha mchana na usiku, wakaona kwamba giza likiingia, pale ambapo rangi ya dereva haionekani vizuri, sehemu ya madereva weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua. Hakuna afisa aliyehojiwa wala shahidi aliyeapishwa. Karatasi za ofisi zenyewe ndizo zilizosema.

Sisi hatuhitaji giza. Tunahitaji kujua Probox inasimamishwa mara ngapi na Prado mara ngapi. Tunahitaji kujua kama makosa huongezeka mwisho wa mwezi, wakati wa Krismasi na shule zinapofunguliwa, na kama ni makosa ya dereva au ni mahitaji ya mwingine. Tunahitaji kujua kama lori lenye breki mbovu huandikiwa mara nyingi kuliko lile lililobeba mchanga wa mtu asiye na simu ya kumpigia mkubwa.

Nimejaribu kukisia majibu yako ili nikupunguzie kazi.

Ukisema ni suala la usalama wa taifa, nitakukumbusha Mei 2022. Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba mikataba ya reli ya SGR haiwezi kutolewa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda Mahakama Kuu, Mombasa, na Jaji John Mativo akaamuru itolewe. Ikiwa mkataba wa reli ya mabilioni si siri ya kuangusha dola, mkanda wa Sh500 wa Kisaju hauwezi kuwa.

Ukisema nilete kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, kisha nipite kwa kamishna wa kaunti, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, nitakushukuru kwa kunipangia safari. Ila Kifungu cha 35 cha Katiba hakikusema "kila mtafiti". Kilisema kila raia.

Ukisema ombi liandikwe kwa Kiingereza, sheria yenyewe imeruhusu Kiswahili, na asiyejua kuandika kabisa anapaswa kusaidiwa na afisa wa ofisi. Ukisema mkubwa hayuko, nitakuuliza kaimu wake. Ukisema mtandao uko chini, kitabu cha matukio cha kituoni, OB, hakitumii mtandao. Ukisema faili zililiwa na mchwa, nitaomba kuonyeshwa mchwa walioshiba kiasi hicho, maana Kisaju kuna shida ya malisho.

Muda unaujua: siku 21, na ukizidiwa unaweza kuongeza mara moja tu, siku zisizozidi 14. Sheria imeweka pia saa 48 kwa taarifa inayohusu uhai wa mtu. Kwa jinsi tunavyovuka barabara hii ningeweza kuzidai hizo, lakini sikutaka kukutia presha. Ombi halilipiwi, ninachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Hapo nitalipa bila kunung'unika, na itakuwa fahari kwangu: pesa ya mambo ya trafiki iliyolipwa kaunta, mchana, kwa risiti.

Usiponijibu, nina siku 30 za kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman, ombi hili iliangalie upya. Sikutishi. Nakufahamisha tu, kama afande anavyomfahamisha dereva kwamba kuna njia mbili, ile ya kortini na ile ya kuelewana. Mimi nimechagua ya kwanza kwa sababu ya pili haina nakala.

Mwisho, Mheshimiwa, naomba usijisumbue kutunga. Takwimu zilizopikwa wiki ya mwisho huwa na dalili: kila mwezi unafanana na mwenzake, na kila idadi inaishia na sifuri. Kama kwenye ombi la tano huna kitu, andika neno moja: "Hatuna." Lipige muhuri, weka tarehe na sahihi. Nitalipokea kwa mikono miwili na kulinukuu kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti, kwa kuwa nchi inayowaajiri watu kusimamisha magari kutwa, kisha ikaandika kwa mkono wake kwamba haijui imesimamisha mangapi, itakuwa imenijibu maswali yote matano.

Nasubiri kwa hamu utumishi ule ulioahidiwa kwa wote.

Wako mtiifu, mwenye mkanda,

Mkazi wa Kisaju

Nakala kwa:
Makanga wote wa laini ya Kitengela–Kajiado (tafadhali msitupe madaftari).
Wachungaji wa Kaputiei, wanaovuka bila leseni na hawajawahi kuombwa.
Mkubwa, popote alipo.