Uainishaji wa Wanafunzi wa Kompyuta wa Kakoba kwa Mujibu wa Anwani Zao

Wataalamu waliotutangulia waliwagawa wanafunzi wa kompyuta kwa umri, kwa ada au kwa wepesi wa vidole. Vigezo hivyo ni dhaifu. Sisi, baada ya kutazama Kakoba, mjini Mbarara, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, tunapendekeza kigezo kimoja: anwani ya IP ya mashine.

Jamii ya kwanza, 127.0.0.1, ndiyo yenye majivuno kuliko zote. Kwa anwani hii kila kompyuta hujiita yenyewe. Ujumbe unaotumwa huko hautoki nje ya mashine. Mwanajamii amejifunza HTML, ameandika index.html, amepaka kichwa rangi ya chungwa, kisha akamtumia binamu yake wa Base Camp, huko Nakivale, kiungo kwa WhatsApp: localhost/duka. Binamu anafungua, haoni kitu. “Kaka, bando lako limeisha,” anaambiwa. Bando lipo. Simu imetii kabisa: imelitafuta duka ndani ya simu yenyewe, ikalikosa. Mpaka faili zipelekwe kwenye seva ya hadharani, duka hilo lina mteja mmoja, naye ndiye mwenye duka.

Jamii ya pili, 192.168, ni ya maofisini. Ruta hugawa anwani hizi, na ofisi ya jirani inazo zilezile bila ugomvi, kwa kuwa zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Hawana makuu hawa, wanaprinti.

Jamii ya tatu, 169.254, ni ya waliokosa mgawo. Kompyuta imeomba anwani, hakuna aliyejibu, ikajipachika moja. Mara nyingi mkosaji ni waya: mtu amebana vichwa vya RJ45, ncha hii akapanga nyuzi hivi na ile vile, kwa kufuata uzuri wa macho. Utaratibu wa T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukaririwe kama dua.

Jamii ya nne huwatatiza wanazuoni: mtu amekaa Kakoba, anwani yake iko Uholanzi. Chimbuko lake linajulikana. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ikafungwa. Watu wakajifunza VPN, njia ya kupitia seva ya nchi nyingine, bila mtaala, bila mtihani, bila cheti. Kwa maoni yetu somo la mtandao lingeanzia hapo, kwa jambo ambalo darasa tayari linalijua, badala ya kuanza na abakasi na kuwachosha watu hadi wiki ya sita.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kumpigia fundi, fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Ukikuta 169.254, usiilaumu kampuni ya simu. Chomoa waya, uhesabu rangi.