Nanasi Kwenye Rafu ya Vitabu

Mkazi wa Thika akikuambia kwake hakuna nanasi, ujue amegombana na mtu sokoni. Mashamba ya mananasi yametanda upande huu wa Kiambu na kuvuka hadi Murang'a, na jioni wachuuzi huyapanga mafungu mafungu kando ya barabara, bei ikishuka pamoja na jua. Balaa la nyumba yetu chanzo chake ni hiyo bei ya jioni. Mzee wangu hana uwezo wa kuiona akapita. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia gunia.

"Mama watoto, haya tutakula mpaka Krismasi."

Tulikuwa mwezi wa Agosti. Na nanasi halina subira. Ndizi ukiichuma mbichi huivia kabatini na kuwa tamu. Nanasi likishakatwa shambani utamu wake umekoma papo hapo, kilichobaki ni kulainika na kuoza. Kwa hiyo tulikuwa na gunia na saa iliyokuwa inahesabu. Tena tulikuwa na mwanamume aliyestaafu. Mji wetu ni wa viwanda, na mtu aliyekaa na mashine maisha yake yote akirudishwa nyumbani hutafuta mashine ya kukaa nayo. Yetu ilikuwa blenda. Akanunua daftari la kurasa mia mbili, akachora safu tatu kwa rula: Tarehe, Jaribio, Matokeo.

Jaribio la kwanza lilikuwa nanasi na maziwa. Likisagwa na kunywewa hapo hapo ni kinywaji cha kujivunia, sikatai. Lakini yeye alijaza jagi zima, akalitia kwenye friji lisubiri wanawake wa chama changu waliokuwa waje alasiri. Walipofika, maziwa yalikuwa yamekatika, juu maji, chini mabonge, na uchungu wa dawa ya minyoo. Wanachama wetu wana adabu. Kila mmoja alionja, akaweka bilauri mezani polepole, akasema ameshiba. Mweka hazina hata hakuonja, alisema anafunga. Saa moja baadaye nilimwona na sambusa.

Jaribio lililofuata ni jeli ya siku ya kuzaliwa ya kitinda mimba. Ilikaa kwenye friji usiku kucha, na asubuhi ilikuwa bado inacheza bakulini, nyekundu, na vipande vya nanasi vikiogelea. Mzee aliandika kwenye safu ya tatu: "Supu."

Aliyetutoa gizani ni binti yetu wa Kidato cha Tatu, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ametazama yote bila kusema neno, kwa furaha ambayo ni watoto wa umri huo tu wanayo. Nanasi bichi, akatueleza, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Jelatini ni protini, hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Maziwa nayo yana protini. Ukilichemsha nanasi kwanza, kile kimeng'enya kinakufa na jeli inaganda. Ndiyo maana nanasi la mkebe, ambalo limepitia moto kiwandani, halileti shida. Wifi yangu wa Mombasa alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa. Kwao faluda hugandishwa kwa chaina grasi, inayotokana na mwani wa baharini, na mwani haumjui bromelaini wala haumwogopi.

Mtu mwingine angefunga daftari. Mzee alisikia neno moja tu: kukatakata protini. Jumapili mama mkwe alikuwa aje kututembelea kutoka Ruiru, na nyama ya ng'ombe tuliyonunua ilikuwa ya yule ng'ombe aliyeishi maisha marefu. Watu wa pwani huipaka mishkaki papai bichi ilainike, wakaiacha muda mfupi, wakaichoma. Mzee aliilaza nyama ndani ya nanasi lililosagwa tangu Jumamosi mchana.

Ilipowekwa juu ya jiko la makaa, ilibaki na umbo la nyama kwa kitambo kidogo. Alipojaribu kuigeuza, koleo lilishika sehemu lilizoshika na zilizobaki zikateremka motoni. Alizikusanya kwa kijiko. Mama mkwe alipewa sahani yake, akatafuna mara moja, akasita kwa sababu hapakuwa na cha kutafuna, akamtazama mwanawe.

"Hii nyama, nani ameitafuna kabla yangu?"

Ningeishia hapo kama si maganda. Tulikuwa na ndoo nzima ya maganda, na Mzee akawa amesoma mahali kwamba maganda ya nanasi hutoa siki. Ni kweli, hutoa, na siki nzuri. Juu ya ganda kuna chachu ya asili. Ukiliweka kwenye maji yenye sukari, chachu hula ile sukari na kutoa pombe pamoja na gesi. Baadaye bakteria wengine huja kuigeuza pombe kuwa siki, na hao ni lazima wapate hewa. Chombo kinapaswa kufunikwa kwa kitambaa chepesi tu, nzi wasiingie, hewa ipite. Mzee alikuwa fundi wa mitambo, na kwake yeye kitu kinachovuja ni kitu kibovu. Alijaza chupa za kioo, akakaza vifuniko kwa bisibisi na spana, kisha akatafuta mahali penye joto na giza. Akapapata: sehemu ya chini ya kabati la vitabu, sebuleni, nyuma ya vitabu vyangu.

Zililipuka saa saba za usiku. Ya kwanza ilitosha kutuamsha, ya pili ikaamsha ploti. Nilipofika sebuleni nilikuta mlango wa kabati umening'inia kwa bawaba moja, vigae vimeenea mpaka chini ya meza, na kipande cha ganda kimenata kwenye picha ya harusi yetu, juu ya kifua cha bwana harusi. Mlinzi wetu aligonga dirishani na rungu lake akiuliza wezi ni wangapi. Jirani wa juu alikuwa ameshapiga simu kwa jirani wa chini. Mama mkwe, ambaye alikuwa amelala kwetu, alitoka na shuka begani, akavuta pumzi mara moja.

"Hii ni njohi," akasema. Pombe. Mwanamke aliyekulia katika nyumba ambayo wazee walipika muratina kwa arusi na mahari hawezi kudanganywa na harufu. Akaongeza kwamba wazee hao, pamoja na kwamba hawakwenda shule, hawakuwahi kukifunga kibuyu kwa spana.

Swali la nani apige deki lilijibiwa na binti. Kwenye mtihani wa fasihi wanatahiniwa tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, na nyumba ya Yona na Sara ameikariri: mume aliyezamia chupa, mke mgonjwa, mabinti watatu na majirani wasiokwisha maneno kwa kuwa hakuna mwana wa kiume. Saa saba na nusu ya usiku alimsomea babake uchambuzi wa dhamira ya nafasi ya mwanamke katika ndoa, akiwa amesimama juu ya kiti kwa sababu ya vigae. Mimi tamthilia ile naiona inakimbilia sana kufundisha, wahusika wakizungumza wakati mwingine wanahutubia. Lakini usiku ule ilifanya kazi. Mzee alichukua tambara na ndoo. Alipiga deki kwa maji baridi bila sabuni, na wiki nzima ndala zetu zilikuwa zikibaki sakafuni sisi tukienda.

Chupa ni chupa. Kilichoniuma ni rafu ya chini, na hasa kitabu kimoja ambacho hata si changu, nilikiazima kwa mwalimu mwenzangu: The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley. Kilikuwa kimelewa kabisa. Kurasa zimeshikana, jalada limevimba, na kufikia asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi sura ya kwanza. Njia ilikuwa moja tu: kukaa nacho na draya ya nywele na tishu, kubandua ukurasa mmoja, kuukausha, kwenda wa pili. Sijawahi kusoma kitabu kwa uangalifu namna hiyo. Msomaji wa kawaida huruka maelezo ya mandhari. Mimi nilikuwa nasubiri yakauke.

Kilitoka mwaka 1959, na mwaka 1981 kikafanywa kipindi cha televisheni Uingereza. Huxley anasimulia utoto wake hapa kwetu, wazazi wake walipokuja Thika kwa mkokoteni wa maksai kuanzisha shamba la kahawa. Ardhi yenyewe baba aliinunua baani, katika hoteli ya Norfolk, Nairobi. Kuandika anajua, hilo simnyimi. Vumbi jekundu la Thika alilitia kwenye karatasi mpaka unapangusa miguu. Hoteli ya Blue Posts anayoitaja ilikuwako tangu 1908, na bado iko pale kati ya maporomoko ya Chania na ya mto Thika. Maarusi huenda kupigwa picha huko kila Jumamosi. Na mama wa kitabuni, Tilly, haishiwi miradi. Huu ukifa anaanzisha ule, na kila mmoja anauanza akiwa na uhakika. Nilipomsoma nilimwona Mzee wangu na daftari lake, nikampenda bila kutaka.

Kisha nikaanza kuuliza ninachouliza siku hizi kila nisomapo habari za nyumba ya mtu: baada ya mradi kulipuka, nani alipiga deki? Kwa Tilly jibu liko wazi. Yuko Juma wa jikoni, yuko Sammy wa shambani, yuko Njombo. Huxley hakuwaficha, ana majina yao na ana masikio ya mtoto yanayosikia. Ila wanaingia kwenye hadithi wakiitwa, na kazi ikiisha wanatoka. Hatujui wakifika kwao wao wenyewe wanajaribu nini, wala nini kinawalipukia.

Mama mkwe alinikuta na draya, akataka kujua kitabu kinasema nini. Nikawa namsimulia kila ukurasa ulipokauka. Alisikiliza vizuri mpaka tulipofika kwenye ile ardhi ya baani.

"Na siku iliyotangulia, ilikuwa ya nani?"

Hilo kitabu hakilimalizi. Kahawa anaijua yeye kuliko Huxley na mimi. Serikali ya mkoloni haikumruhusu Mwafrika wa huku kuipanda kwa ajili yake mwenyewe hadi miaka ya 1950. Aliweza kuipalilia ya mwenye shamba na kuichuma. Miche ambayo mama mkwe alikuja kuwa nayo uani, kabla uani hapajageuka nyumba za kupangisha, ilikuwa ya Ruiru 11, aina iliyotoka mwaka 1985 kwenye kituo cha utafiti wa kahawa palepale Ruiru, isiyoshikwa ovyo na ugonjwa wa kuozesha matunda. Anaitaja kwa majivuno ya mtu aliyeitengeneza yeye.

Rafu ya juu haikuguswa, nashukuru, maana huko ndiko niliko na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Nilivisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana na sipendekezi, kwa sababu cha pili kinakiharibu cha kwanza. Gurnah naye ana nyumba ya tajiri, ana bustani iliyozungushiwa ukuta, ana mtoto anayetazama, Yusuf. Lakini mtunza bustani, Mzee Hamdani, ni mtumwa aliyepewa uhuru wake akaukataa, na Yusuf analazimika kukaa na jambo hilo alifikirie. Bustani inanukia, na wewe unajua nani aliinama. Safari ya bara kwenye kitabu hicho ni ndefu mno kwa ladha yangu, nilichoka pamoja na wapagazi. Ila kwa ajili ya yule mzee na ndoo yake ya maji, ningekisoma tena.

Mzee hakusoma chochote kati ya hivi. Alisoma chupa. Kwenye safu ya Matokeo aliandika "Hewa," akapigia mstari, kisha akaweka maganda mapya kwenye mtungi wa mdomo mpana, akafunika kwa kipande cha leso yangu ya zamani na kukifunga kwa raba. Aliuweka nje, kwenye baraza, kwa amri ya mahakama. Baada ya wiki kadhaa ukaanza kutoa ile harufu kali inayopanda puani. Tuliichuja, tukaitia kwenye kachumbari. Mama mkwe aliongeza kijiko kingine bila kuombwa, na kwake hiyo ndiyo hotuba.

Mwenye kitabu nilimrudishia kikiwa kimenenepa maradufu, nikiwa nimemnunulia kingine kipya na maelezo nimeyapanga tangu geti la shule. Alifungua kile cha zamani katikati, akakinusa, akanusa tena. Kile kipya alikiacha mezani. Alitaka kujua hiyo siki tunauza lita kwa shilingi ngapi.