Papa na Vilima vya Likasi

Televisheni ndiyo iliyotuharibia nyumba. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na mume wangu, Papa wa nyumba hii, mhasibu mwenye tumbo lake la heshima, akashinda kitini akimtazama Tadej Pogačar wa Slovenia akiwaacha wenzake huku wakipanda Mlima Kigali. Kilomita 267.5, mita 5,475 za kupanda, na waliomaliza ni 30 tu. Binti yetu akapiga hesabu palepale: ni kama kupanda bomba la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines hapa Lubumbashi, lenye urefu wa mita 153, zaidi ya mara 35. Papa hakucheka. Kumbe wenzake kazini walikuwa wakipanga safari ya baisikeli hadi Likasi, kilomita kama 120, na jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha.

Sasa, mtu wa Lubumbashi atajifunzia wapi kupanda? Mji uko juu, karibu mita 1,200, lakini ni juu ya tambarare. Mlima tulio nao ni ule mweusi wa masalia ya tanuru la shaba, una walinzi wake, na hata huo unachotwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani. Likasi ndiko kwenye vilima.

Basi Papa akafanyia mazoezi sebuleni. Alinunua baisikeli ya mbio iliyotumika Ulaya, nyepesi hata mtoto anaiinua, akaifunga kwenye chuma kinachofanya gurudumu lizunguke bila kwenda popote. Mnyororo uling'aa, na kilichoung'arisha ni kitambaa changu cha meza, kile cha harusi. Umeme ukikatika aliendelea kukanyaga gizani akihema kwa sauti, mpaka jirani akamtuma mtoto kuuliza kama tuna mgonjwa.

Jibu la swali hilo mama mkwe alijipatia mwenyewe. Alifika kutoka mtaa wa Katuba siku niliyofua ile kaptura ya baisikeli, yenye mto mnene makalioni, nikaianika kwenye kamba mbele ya barabara. Alisimama chini yake kwa muda, akanivuta pembeni.

"Mama, mutoto wangu eko mugonjwa na unanificha? Banamuvalisha pampasi?"

Nilimweleza kuhusu kiti chembamba na saa nyingi za kukaa. Alinisikiliza kwa huruma ya mtu anayedanganywa. Jumapili, kanisani, mama wawili walinishika mkono kwa nguvu na kuniambia nivumilie.

Na kula! Papa alisoma kwamba mwendeshaji anatakiwa kujaza wanga kabla ya safari. Bukari ya jioni ikawa inaisha kabla watoto hawajanawa, pamoja na sombe niliyoiweka kwa ajili ya kesho yake.

Siku alipotoka nje kweli, alishika njia ya Kasapa kuelekea chuo kikuu. Alipanda kwa gia nzito, kwa kuwa ndivyo wanaume wa kwenye televisheni walivyoonekana kufanya. Magoti yakakataa kabla ya mwinuko wa kwanza kuisha. Alirudi kwa miguu akiisukuma baisikeli, na njiani akapitwa na wabeba makala, yaani mkaa.

Hao kila mtu wa hapa anawajua. Baisikeli ya chuma cheusi, fremu imeongezwa nondo na fundi wa kuchomelea, magunia yamepangwa hadi yakampita mwenyewe kichwa. Wanatoka porini usiku ili wafike sokoni mapema, na kwa jinsi miti ilivyokatwa kuzunguka mji, pori lenyewe limekwenda mbali. Mmoja wao ndiye anayetuuzia. Papa alipomkuta getini akaanza kumweleza habari za Pogačar. Muzee alimaliza kwanza kushusha gunia.

"Papa, haugombanake na kilima," akasema. "Ukiona miguu inataka kuchoka, shuka, sukuma. Unangojea ichoke kabisa, umekwisha. Na maji unakunywa mbele ya kiu."

Akaongeza kwamba kupanda hakuui mtu. Kinachoua ni kuteremka na mzigo huku umebana breki ya mbele peke yake.

Papa akamwomba amfundishe. Jumamosi wakatoka pamoja, na wakati wa kurudi akataka naye abebe gunia, kwenye baisikeli ile ya Ulaya. Gurudumu la nyuma lilijikunja njiani, makala yakasambaa barabarani, lori likayakanyaga. Gunia hilo nililipa mimi, kwa pesa ya sokoni.

Ile ya Ulaya sasa inaning'inia ukutani. Papa alinunua nyeusi, akaipeleka kwa fundi mtaa wa Kenya ikatiwa nondo, akaenda nayo Likasi. Wenzake walicheka tangu mwanzo wa safari hadi vilima vilipoanza. Alifika wa mwisho, kila mtu ameshakula, lakini watatu kati ya waliocheka walikuwa wametangulia kufika kwa sababu walipanda gari.

Kila Jumamosi anatoka na muzee wa makala, anarudi mchana na magunia, mweusi yeye na kaptura yake. Moja latosha jikoni, yanayozidi nauza getini, na bei naipanga mimi. Mama mkwe ameagiza mawili. Anataka ya mkopo, tena aletewe hadi Katuba.