Ofisi Nzima kwa Shilingi Mia Tatu

Kwanza nunua laptopu. Isiwe mpya. Tafuta ile ya eksi-UK, iliyopiga hesabu za watu Uingereza hadi ikastaafu, ikaja Meru kuanza maisha. Uliza bei, guna, geuka uende zako. Utaitwa.

Kisha mtafute fundi. Pale Makutano, mjini Meru, usisome mabango, waulize wanafunzi. Ukiwa Embu, vivyo hivyo. Fundi wa kweli ana bisibisi, kiti cha plastiki na flashi iliyofungwa kamba ya kiatu. Mwambie, "Bosi, niwekee Windows na Office." Hataulizia leseni. Atauliza, "Na antivirasi, mkubwa?" Itikia. Mlinzi naye akiwa wa wizi, wataelewana na wenzake humo ndani.

Ukingoja, andaa utetezi. BSA, chama cha wauza programu, kilikadiria kwamba mwaka 2017 katika kila programu 100 zilizowekwa kwenye kompyuta Kenya, 74 hazikuwa na leseni. Marekani zilikuwa 15, Libya 90. (Aliyehesabu ndiye mwenye duka, ipokee hesabu yake kama mgeni anavyopaswa kupokea bei ya kwanza ya miraa.) Usikubali uambiwe Mmarekani ana moyo safi kuliko wewe. Yeye laptopu humfikia na Windows yake ndani, Office hulipiwa na mwajiri, na mwajiri anaogopa kushtakiwa. Kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo, ila polisi wana bodaboda za kusimamisha.

Halafu kuna bei. Imepangwa kwa mshahara wa huko, ikaletwa hapa bila kuvuliwa koti. Mkulima wa muguka kule Mbeere hununua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sabuni ya shilingi kumi, krediti ya ishirini, na vyote huvilipia bila kuiba hata kimoja. Office ya kupimiwa bado hajaiona.

Ukimaliza, mpe fundi mia tatu zake na umshukuru. Lakini jambo moja usithubutu: kumfungia miraa ya juzi kwa majani mabichi ya mgomba, ukamwambia ni kangeta ya Igembe, imechumwa leo asubuhi. Ataionja mara moja tu. Utahubiriwa jasho la mkulima, jina la bidhaa na haki ya mwenye shamba, kwa Kimeru kisha kwa Kiswahili, na flashi yake ikiwa bado inaning'inia kwenye laptopu yako.