Harufu ya Nta Sebuleni

Mama mkwe ndiye aliyeinusa kwanza. "Mwanangu, kuna nta inayeyuka humu," aliniambia. Yeye ni mzaliwa wa Tabaka, huko Kisii, ambako jiwe laini huchongwa, husuguliwa kwa msasa na maji, hutiwa rangi, kisha hukwaruzwa maua na mistari mpaka weupe wake uonekane. Mwishowe hupakwa nta ling'ae. Harufu ile ameijua tangu utotoni.

Pale kwetu Kangemi, kabati la vioo ni la mume wangu na halina mjadala. Kila akienda kwao hurudi na mnyama wa jiwe hilo: viboko wa buluu, vifaru weusi, tembo mwekundu aliyelala. Jumamosi hiyo shemeji alituletea taa 4 za halojeni, kila moja wati 20. Akazifunga ndani, transfoma akaiweka rafu ya juu na kuifunika kitambaa alichofuma mama ili isionekane. Milango ikafungwa, wanyama wakang'aa, watoto wakakimbia kuwaita majirani.

Halojeni hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto. Wati 80 ndani ya kabati lisilo na tundu la hewa hazina pa kwenda.

Tulipofungua, hewa ya moto ilitupiga usoni. Kitambaa juu ya transfoma kilikuwa kimegeuka kahawia katikati. Tembo alikuwa amenata kwenye kile kilichotandikwa chini yake. Mume wangu alipomwinua, kikainuka naye, na tumboni pakabaki alama ya kila fundo la uzi.

Shemeji alisema ni nta mbaya. Mume wangu akamwamuru ang'oe kila kitu. Sauti zikapanda, mpaka mama alipoingilia. "Jiwe halina neno, wanangu. Rangi ndiyo inayoumia. Zimeni hizo taa, mje mnywe chai."

Jumatatu nilishuka mjini na shemeji, maana sikutaka ugomvi ule ulale nyumbani. Tukapitia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, nimwonyeshe sanaa aliyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966. Nilitaka aelewe kwamba mkusanyo ni amana. Wahifadhi wa makumbusho huruhusu mwanga wa takriban luksi 200 kwa picha za rangi ya mafuta, na 50 tu kwa vitambaa na rangi zinazopauka upesi. Rangi ikishapauka, hairudi.

Kutoka pale ni hatua chache hadi Luthuli Avenue. Tulinunua mita 2 za mkanda wa LED wa volti 12, mwanga wa manjano, wati 4.8 kwa mita. Jumla haifiki wati 10. Adapta tuliyochukua ni ya ampea 2, yaani wati 24, isifanye kazi ikiwa imebanwa. Nikaongeza reli ya alumini, kwa kuwa LED nayo hupata joto upande wa mgongo na reli hulitoa, pamoja na fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13 iliyokuwa kwenye plagi.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyefunga, na alifunga vizuri. Mkanda ameupitisha ukingo wa mbele, ukiangalia ndani, ndiyo maana sasa nyuso za wanyama zinaonekana. Adapta iko nje, ubavuni, bila kitambaa. Nyuma ametoboa matundu ya hewa juu na chini. Taa huwashwa wageni wakija, na huzimwa wakiondoka.

Nawe mwenye kabati la vioo, leo usiku ziache taa zako ziwake kwa muda wa saa moja ukiwa papo hapo, kisha sogeza kiganja karibu na transfoma au adapta. Ukihisi inaunguza, zima, chomoa, umwite fundi wa stima.