Nondo wa Kinama na jenereta ya mabingwa

Mabingwa wa kutega nondo wanakushauri ununue taa ya zebaki ya wati 125, uitundike mbele ya shuka jeupe, kisha uwashe jenereta. Ushauri mtamu. Mtu wa Kinama, mtaa wa Bujumbura, akisikia jenereta atauliza kwanza petroli inapatikana kituo gani, maana mji huu unazijua foleni ambamo gari hulala na dereva wake.

Haya, tugeukie betri. Ya pikipiki, volti 12 ampea-saa 7, haiisukumi taa hiyo hata saa nzima. Ukifunga mrija wa urujuanimno wa wati 8 utafika usiku wa manane bila kuiua betri, kwa sharti moja: jirani asijue. Akijua, simu nne zitaning'inia hapo kabla nondo wa kwanza hajatua. "Kaka, mimi nataka asilimia kumi tu." Utamkatalia kwa sababu gani, kwamba kuna wadudu wanasubiri?

Balbu nyeupe za LED za dukani hazili umeme mwingi, ila urujuanimno wake ni haba, na nondo huzijia kwa kusitasita kama mgeni asiyealikwa.

Wavuvi wa ndagala kule ziwani Tanganyika hungoja usiku usio na mwezi ndipo wawashe taa. Kinama giza tunaletewa bila kuangalia kalenda. Na umeme ukirudi, mtaa wote unawaka, nondo wanakuacha na shuka lako, wanahamia kwa muuza mishikaki. Yeye hajasoma ushauri wowote.